Lori jipya limepata pancha: tairi lizibwe, liwekwe tyubu au litupwe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina lori la tairi kumi, nililinunua jipya kabisa. Lina miezi mitano na limetembea kilomita 14,000 tu. Wiki iliyopita lilitoka Makambako na viazi kwenda Dar es Salaam. Dereva anasema Mafinga alikagua matairi yote yakawa sawa. Alipofika Ruaha Mbuyuni usiku akakuta tairi la nyuma kushoto, lile la ndani, limelala, na lina msumari. Fundi wa barabarani akachomeka kamba ya mpira bila hata kulitoa, akajaza upepo, lori likafika Dar. Sasa linapungua upepo polepole. Aliyeniuzia lori anasema waranti haihusiki. Duka la matairi linasema ninunue mawili, la ndani na la nje. Fundi wa jirani anasema niweke tyubu tu, kwa sababu tairi bado lina kashata zote, yaani yale meno ya juu yanayokanyaga barabara. Nimsikilize nani? Na dereva nimkate mshahara?
Mama mwenye lori, Makambako

JIBU: Mama, shikamoo, na pole sana. Lori la miezi mitano mtu bado analipangusa kwa kanga, halafu unaambiwa tairi limekwisha. Najua inavyouma. Nimeshughulika na matairi ya magari makubwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali kama lako naletewa mara kwa mara, ila wengi huniletea tairi likiwa limeshapasuka. Wewe umewahi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na jibu lenyewe. Tyubu usiweke. Tairi hilo lisibebe mzigo tena hata kilomita moja mpaka litolewe kwenye ringi na likaguliwe kwa ndani, na kwa namna ulivyoeleza nina wasiwasi mkubwa kwamba limeshakufa. Mwenzake wa nje naye atolewe akaguliwe. Akiwa mzima, utanunua tairi moja, si mawili. Na dereva usimkate, nitakueleza kwa nini.

Wote watatu waliokushauri wameangalia tundu, au kashata, au mkataba. Hakuna aliyeuliza tairi lilitembea umbali gani likiwa halina upepo. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu msumari peke yake hauui tairi la lori. Tundu la msumari linazibika vizuri na tairi likamaliza umri wake wote. Kinachoua ni mwendo bila upepo.

Twende kwenye hesabu, maana hapa hesabu inasema kuliko maneno. Malori mengi ya tairi kumi hufungwa tairi za 315/80R22.5. Kama na lako ni hivyo, soma ubavuni: mara nyingi utakuta 156/150 ikifuatiwa na herufi. Namba ya kwanza ina maana kwamba tairi likiwa peke yake linaruhusiwa kubeba kilo 4,000. Ya pili ni pale linapokaa pacha na mwenzake, ambapo kila moja linaruhusiwa kilo 3,350. Sasa, sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma zenye tairi pacha. Gawa kwa tairi nane, kila moja linapata kilo 2,250 hivi. Hapo kila tairi linapumua vizuri. Lakini moja likilala, mwenzake anabeba sehemu za wawili, yaani kilo 4,500. Imeshapita kikomo cha tairi lililo peke yake, na hapo nimehesabu kana kwamba lori lilipita mizani likiwa limejaa kisheria bila kilo moja ya ziada. Ndiyo sababu nasema la nje nalo litolewe. Watu wengi wanalisahau, wanafunga jipya ndani, na baada ya wiki mbili la nje linapasuka, wanalaumu kiwanda.

Na lile lililolala halipumziki. Linaendelea kuzunguka, ubavu unakunjika na kukunjuka kila mzunguko. Tairi la ukubwa huo huzunguka karibu mara 300 kila kilomita. Kutoka Mafinga hadi Ruaha Mbuyuni ni zaidi ya kilomita 150. Sisemi lilitembea zote hizo bila upepo, kwa sababu msumari ukiwa bado umezama tundu huvuja taratibu, lakini hata kama ni kilomita 40 za mwisho tu, ubavu umekunjika mara 12,000. Ubavu wa tairi hizi umejengwa kwa nyaya nyembamba za chuma. Chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku kwa vidole: kwanza kinapata moto, baadaye kinakatika. Ongeza na mteremko wa Kitonga, ambako breki zinachemka na joto la ngoma za breki linapita kwenye ringi hadi kwenye tairi, la ndani likipata zaidi kwa kuwa liko jirani na ngoma na halipati hewa. Tairi lako huenda lilishuka Kitonga katika hali hiyo.

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa matairi ni kwamba tairi la lori likitembea na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake linahesabiwa kuwa limetembea bila upepo, na ni lazima litolewe likaguliwe. Kama kitabu cha lori lako kinadai PSI 110 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji), basi PSI 88 tayari ni hatari. Na tairi lenye PSI 88, ukiliangalia kwa macho likiwa pacha na zima, huoni tofauti yoyote. Hilo tutalirudia tukifika kwa dereva.

Sasa ukaguzi wenyewe. Kwa nje tairi hilo linaweza kukudanganya kabisa. Kashata zimesimama, hata vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vipo ubavuni. Fundi wako wa jirani ameona hivyo akasema ni zima. Tairi la namna hii ni kama embe zuri la nje lenye funza ndani.

Kabla ya kulitoa, mwambie fundi ang'oe pini ya upepo na kuliacha lijimalize lenyewe. Likishatoka kwenye ringi, asilitikise wala kulipangusa. Ingiza kiganja chako ndani, ulipapase chini linapokalia. Ukitoa mkono na umejaa unga mweusi wenye chembechembe kama majani ya chai yaliyosagwa, mama, kazi imekwisha. Huo ni mpira wa tairi lenyewe, limejisaga kwa ndani lilipokuwa likijikunja. Hakuna kiraka cha kurudisha hicho.

Kama hakuna unga, mulikeni kwa taa ubavu wa ndani mzunguko mzima, pande zote mbili. Mpira wa ndani unatakiwa uwe laini na wa rangi moja. Mkanda uliobadilika rangi ukaelekea samawati, au mikunjo inayozunguka ubavu kama ngozi ya kiwiko cha mzee, ni alama ya kuungua. Halafu tumieni vidole. Dole gumba nje, vidole vinne ndani, bonyeza ubavu mkisogea kidogo kidogo mpaka mrudi mlipoanzia. Mkikuta mahali palipo laini kuliko jirani zake, au panapotoa sauti ya kukatika-katika, nyaya zimekwenda. Fundi anayekwambia "hilo liko sawa" bila kufanya hivi hajakagua. Ukaguzi huu unachukua dakika kumi na tano. Simama pale mpaka uishe, usione haya, tairi ni lako na pesa ni yako.

Nasisitiza hivi kwa sababu nimeona. Mwaka wangu wa pili wa kujifunza kazi, katika gereji ambayo haina haja ya kuitaja, uliletwa mguu wa lori, yaani tairi na ringi yake, uliokuwa umetembea bila upepo. Tundu lilizibwa, fundi aliyekuwa akitufundisha akaanza kujaza, mkono mmoja kwenye mpira wa kompresa, goti limeegemea tairi. Tulisikia kama mahindi mawili matatu yakipasuka kikaangoni, ta, ta, halafu mlipuko. Ubavu ulifunguka kwa urefu kama zipu ya begi. Fundi yule aliishi, lakini mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena. Tairi la gari dogo hubeba kama PSI 30, la lori lako ni karibu mara nne, na chumba chake cha upepo ni kikubwa zaidi. Kwa hiyo tairi lolote lililotembea likiwa limelala, hata likionekana zima baada ya ukaguzi, lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kichwa cha kubana chenyewe, na watu wote wakae mbali na ubavu. Lifikishwe kwanza PSI 20, lisikilizwe, litazamwe kama linavimba mahali, ndipo liendelee. Ukisikia hiyo sauti ya mahindi, usilisogelee. Funga upepo kwa mbali, uliache lijimalize, na tairi hilo likatwe lisije kuuzwa kwa mwingine.

Ndiyo maana jambo lililofanyika Ruaha Mbuyuni lilinishtua kuliko msumari. Kulichomeka kamba na kulijaza palepale, usiku, likiwa chini ya mzigo, fundi amechuchumaa mbele yake. Mungu aliwasitiri wote wawili.

Hiyo kamba ya mpira ina kazi yake: kukutoa porini ufike penye watu, kwa gari dogo, kwa mwendo mdogo. Kwa tairi la lori lenye mzigo si matengenezo. Kile chuma cha kutanulia tundu hukata nyaya za mkanda wa chuma ulio chini ya kashata, na kamba haizuii maji. Maji yanapenya, nyaya zinashika kutu, na baada ya miezi kashata zinabanduka zote kwa pamoja barabarani. Yale mapande ya mpira mnayoyaona yamelala njia nzima ya Morogoro, mengine yalianza hivyo, kwa tundu dogo lililozibwa vibaya. Na kwako kamba tayari inavuja, kwa hiyo hata kazi ya dharura haikuiweza.

Tyubu je? Namwelewa fundi wako. Zamani malori yetu mengi yalikuwa na tairi za tyubu, na tulizoea kwamba ukiona tundu unaweka tyubu maisha yanaendelea. Lakini tairi lako limetengenezwa bila tyubu. Ukiingiza tyubu, inasuguana na ukuta wa ndani ambao haukuandaliwa kwa ajili yake, joto linaongezeka. Nyaya zilizokatika zitaendelea kuwa zimekatika, na ncha zake zitaichoma tyubu. Tena tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari hutoa upepo taratibu, dereva anapata muda. Tyubu ikichanika upepo unatoka mara moja kupitia tundu la pini. Unachukua tairi linaloweza kukuonya na kulifanya lisiweze kukuonya. Zaidi ya yote, tyubu inaficha ugonjwa: upepo unakaa, kila mtu anafurahi, na ubavu uliokufa unaendelea kubeba viazi vyako.

Kama ukaguzi utaonyesha ubavu mzima, jambo ninalolitilia shaka ila linawezekana, basi tundu lizibwe kwa njia sahihi. Kwa tairi za ukubwa wako tundu lisizidi milimita 10, na liwe kwenye uso wa kashata tu, mbali na bega na ubavu. Kwa pikapu na magari madogo kikomo ni milimita 6. Fundi atoboe tundu kufuata njia ya msumari ili kuondoa kutu na nyaya zilizochanika, kisha ajaze kwa mguu wa mpira na kufunika kwa kiraka kwa ndani. Vipo viraka vilivyounganishwa na mguu wake, mafundi wengine wanaviita uyoga kwa lile umbo. Mguu unazuia maji kuingia kwenye mkanda wa chuma, kiraka kinazuia upepo kutoka. Kimoja bila kingine hakitoshi. Tazama hapa fundi anapokosea: akishapaka solusheni, ile gundi ya kiraka, ni lazima asubiri ikauke mpaka kidole hakinati. Akibandika ikiwa mbichi, kiraka kinakaa juu ya maji maji, na lori likichemka kinateleza. Nimetoa viraka vingi vilivyotoka kwa ukucha kama karatasi, na kila kimoja kilikuwa cha fundi mwenye haraka.

Likiwa limekufa, tunakuja kwenye dai la duka kwamba ununue mawili. Hoja yao ina msingi, ila kwako haifiki. Tairi pacha zikitofautiana urefu, ile kubwa inabeba zaidi na ile ndogo inaburuzwa. Tairi la 315/80R22.5 lina kipenyo cha kama milimita 1,076. Mwenzake akipungua milimita 10 za kipenyo, kwa hesabu ya karibu anaburuzwa mita 9 kila kilomita. Kutoka Makambako hadi Dar ameburuzwa kilomita kadhaa nzima, kama kifutio. Lakini tofauti hiyo inakuja pale kashata za moja zimelika milimita 5 kuliko za jingine. Lori lako lina kilomita 14,000. Nunua au azima kipimo cha kina cha kashata, pima la nje sehemu tatu nne kuzunguka, kisha linganisha na jipya. Tofauti ikiwa ndani ya milimita 3, moja linatosha, na mimi sitarajii utakute hata 2. Lile lenye kashata ndefu, yaani jipya, lifungwe nje, na hilo lililotumika liingie ndani, kwa kuwa barabara zetu zimeinuka katikati na la ndani ndilo hukalia juu zaidi.

Kwa hiyo la nje utalinunulia mwenzake kwa sababu moja tu: kama ukaguzi wa ndani umeonyesha nalo limeumia. Siyo kwa sababu ya kulinganisha.

Ukinunua, chukua saizi ileile, uzito uleule wa 156/150, na ikiwezekana jina na michoro ileile. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Fanya hivyo na kwa tairi zote zilizokuja na lori. Lori linaweza kuwa jipya kwenye kadi huku matairi yake yameshakaa bandarini na uwanjani kwa jua muda mrefu.

Waranti sina la kukufariji. Ya lori kwa kawaida haigusi matairi, na ya mtengenezaji wa tairi inahusu kasoro ya kiwandani. Msumari wa barabarani haumo. Bima kubwa nayo kwa kawaida hailipi tairi lililotoboka peke yake bila ajali. Ila kama katika ukaguzi la nje litaonekana limeachana matabaka na hakuna alama ya joto wala ya kuchomwa, lipigwe picha pamoja na namba zake kabla halijaguswa, umpelekee wakala wa tairi.

Sasa dereva. Ulisema alikagua Mafinga. Muulize kwa upole: kwa geji au kwa kuyagonga na gongo? Nina hakika ni gongo, kwa sababu karibu wote hufanya hivyo, nami nilifundishwa hivyo. Gongo litakujulisha tairi lililokwisha kabisa. Lililopoteza PSI 25 linalia sawasawa na zima, hasa la ndani lililobanwa na mwenzake. Kwa hiyo inawezekana Mafinga tairi lilishaanza kuvuja na kijana wa watu hakuwa na namna ya kujua. Mafinga yenyewe ni nchi ya mbao, penye mbao pana misumari. Tairi la mbele linaukanyaga msumari uliolala, unasimama, la nyuma linaupokea. Hakuna uzembe wa dereva hapo.

Ukimkata mshahara, atajifunza kitu kimoja: pancha ifichwe. Safari ijayo atatafuta kamba ya mpira kwa pesa yake ya chakula, hatakupigia simu, na wewe utajua siku tairi litakapopasuka Kitonga. Huyu alikwambia ukweli wote, mpaka habari ya kamba. Dereva wa namna hiyo mtunze. Mnunulie geji nzuri ya PSI 150 inayofika kwenye tairi za ndani, na ufunge zile pini ndefu za kutoa valvu ya ndani hadi nje, ili asilazimike kuingiza mkono gizani. Apime asubuhi matairi yakiwa ya baridi, aandike kwenye daftari. Na asipunguze upepo kwenye tairi la moto kwa sababu geji imepanda, maana hilo ni joto tu. Akipunguza Morogoro mchana, kesho alfajiri Makambako kwenye baridi atakuwa na upungufu wa kweli.

Kuna jambo moja hukuliandika, nalo limenikaa moyoni: spea ilikuwa wapi? Lori jipya lina spea. Kama ilikuwepo na nzima, kwa nini hawakuifunga? Nimekuta malori mapya mengi ambayo spea haijawahi kuguswa tangu kiwandani, imening'inia na PSI 40, au winchi yake imekaza haishuki, au spana ya kuishushia haijulikani ilipo. Angalia leo. Inawezekana kijana alichagua kamba kwa kuwa hakuwa na kingine.

Na siku nyingine akikutwa na pancha njiani, mambo machache mwambie kwa mdomo wako. Asimamishe lori penye tambarare na aliondoe barabarani hata kama ni kutembea mita mia mbili taratibu. Tairi limeshaumia, uhai wa mtu hauna spea. Ndani ya hifadhi ya Mikumi asishuke kufanya kazi ya tairi usiku, wanyama wapo kweli. Aweke pembetatu za kuakisi mwanga, mbali vya kutosha. Matawi na mawe tunayotumia sisi, akiyatumia, ayaondoe kabla ya kuondoka. Lile jiwe la kuzuia gurudumu linaloachwa katikati ya lami baada ya lori kuondoka limeua waendesha pikipiki wengi, na naomba hili ulisisitize kuliko yote. Jeki ikae chini ya ekseli, juu ya ubao mnene. Na kabla hajagusa nati ya kwanza, atoe upepo wa tairi lililoumia na wa mwenzake, maana ringi iliyopata ufa inashikiliwa na hizo nati tu.

Nati zenyewe: kama lori lako ni la Kijapani, huenda za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, kuelekea kulia. Stadi, ile bolti inayoshika nati, ina herufi L kichwani. Nimeona vijana wawili wenye nguvu wakining'inia kwenye bomba mpaka stadi inakatika, kumbe walikuwa wanakaza.

Hivyo basi, lori libaki hapo lilipo Dar. Shusheni mguu ule, tairi zote mbili zikaguliwe kama nilivyoeleza, na ukipenda nitumie picha za ndani ya ubavu kabla hujatoa shilingi. Wakati wa kufunga, sehemu ringi zinapogusana zisuguliwe zisiwe na kutu wala rangi iliyobanduka, nati zikazwe kwa kupishana msalaba, na mwisho wakaze kwa spana yenye kipimo kufuata kitabu cha lori. Kwa stadi nene za milimita 22 ni karibu Nm 600 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), na mashine ya upepo peke yake haijui kusimama hapo. Lori likiondoka kurudi Makambako, dereva asimame Mlandizi, akaze nati zote kumi za mguu ule tena, apime upepo kwa geji mpya, na akupigie simu akutajie namba.